Mkoba wa Mama na Sufu Iliyorudi

Hotuba iliyosomwa katika kikao cha akina mama, siku ya pili ya mkutano wa ukoo



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili, nawashukuru wenzangu wa kamati ya akina mama kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu, ingawa mimi si msomi wala si mzoefu wa majukwaa. Nilipoulizwa nitazungumza juu ya nini, nilijibu kwamba nitazungumza juu ya jambo ninalolijua kwa mikono yangu, nalo ni kufuma mkoba wa sufu wa rangi mbili wenye misuko, kisha kuufua kwa maji ya moto hata urudi. Baadhi ya vijana walicheka. Walisema, “Bibi, mikoba imejaa madukani.” Ni kweli, imejaa. Lakini huu mnaouona juu ya meza haukupatikana dukani, na katika kuufuma nilikosana na mdogo wangu kwa muda wa miezi minne. Habari hiyo sijapata kuisimulia yote mbele ya watu. Leo, kwa idhini yake, nitaisimulia.

MKOBA WA UKILI

Wengi wenu mnajua kwamba Mama aliingia Jeddah mwaka 1976 kumfuata marehemu Baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Tulipanga vyumba viwili katika mji wa kale, Al-Balad, ndani ya mojawapo ya zile nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zenye roshani za mbao. Mama alikuwa akisema kwamba akifumba macho nusu, huona amesimama Mji Mkongwe wa Unguja. Mtaa ule wa Jeddah uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, miaka kumi na minne baada ya Mji Mkongwe wetu, lakini siku zile sisi tuliuona ni mahali pa kodi nafuu tu.

Mama alitua na masanduku mawili na mkoba mmoja wa ukili aliousuka mwenyewe kwao Pemba, wa ukili mweupe na ukili uliotiwa rangi nyekundu. Ndani ya mkoba huo aliweka pasi yake, hati ya ndoa, vyeti vyetu vya kuzaliwa, na baadaye ikama. Alitufundisha kwamba ugenini nyumba ya mtu ni karatasi zake, na kwamba mwenye karatasi zilizotawanyika ni sawa na aliyelala nje. Mkoba ule ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye unyevu wa Jeddah uliushinda, ukili ukakatika kwenye pembe, na tulipohamia mtaa mwingine haukuhama nasi. Tangu hapo karatasi za Mama zilikaa katika mfuko wa plastiki, jambo ambalo hakulipenda hata siku moja.

Julai 2017 ilianza ada ya kila mwezi kwa wategemezi wa wafanyakazi wageni, riyali 100 kwa kila mtegemezi, na ikawa ikipanda mwaka hadi mwaka hata kufikia riyali 400 mwaka 2020. Familia nyingi za wageni zilikaa zikapiga hesabu, nasi tulipiga yetu. Kabla hatujamaliza kuhesabu, Mama alitukatiza. Alisema, “Wanangu, nirudisheni kwetu nikiwa bado napanda ngazi za ndege kwa miguu yangu.” Ikaamuliwa kwamba angeondoka kwa khuruji nihai, yaani kutoka moja kwa moja, mwanzoni mwa mwaka 2019.

Hapo ndipo mimi na mdogo wangu tulipoafikiana kwamba Mama asirudi Pemba na mfuko wa plastiki. Ukili mzuri hatukuwa nao, na hata tungeupata, mikono yetu haikuwa na ujuzi wa kutosha. Kosa hilo ni letu, kwa kuwa mwalimu tulikuwa naye nyumbani. Tulichokijua ni uzi. Mdogo wangu anaishi Riyadh, mji uliojengwa katika nyanda za Najd, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Januari baridi huweza kukaribia kuganda kwa maji. Huko watoto huvaa sweta, naye amezifuma kwa miaka. Mimi wa Jeddah, penye joto na fukuto la bahari, nilikuwa nikifuma vitambaa vya meza kwa kulabu, na kufuma kwa sindano mbili nilikujua kidogo tu.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Ndugu zangu, huenda mtu akauliza: sufu na sisi watu wa pwani ya karafuu na minazi tuna uhusiano gani? Naomba nimjibu kwa ufupi.

Tazameni picha za zamani zilizobandikwa ukutani hapo nje. Babu yetu mmoja amevaa tarabushi nyekundu, kama walivyovaa wazee wengi wa Unguja na Mombasa, na kama walivyovaa askari wa KAR. Tarabushi ile haina mshono, wala haifumuki. Siri yake ni hii hii ninayoizungumzia. Mjini Tunis, ambako kofia ya jamaa yake huitwa shashia, wanawake huifuma kwanza kwa sindano, kwa uzi mweupe wa sufu, ikiwa kubwa na legevu kupita kichwa cha mtu yeyote. Kisha hupelekwa kufuliwa na kusuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hata irudi, ikaze na kuwa nzito, ndipo huchanuliwa na kutiwa rangi nyekundu. Katika karne ya 19 hata mji wa Strakonice, huko Bohemia, ulijipatia sifa kwa kofia za namna hiyo, zilizouzwa katika nchi za dola ya Uthmaniya, mpaka Uturuki ilipozipiga marufuku mwaka 1925. Kwa hiyo sufu iliyofumwa ikarudishwa si ngeni. Ilikwisha kukaa juu ya vichwa vya babu zetu.

Tena nchi hii tunayoishi ina sanaa yake ya sufu. Wanawake wa jangwani wamefuma sadu kwa vizazi na vizazi, kwa sufu ya kondoo, manyoya ya ngamia na ya mbuzi, wakatengeneza mahema, matandiko na mifuko ya safari. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza sadu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa jina la Saudia na Kuwait kwa pamoja. Sadu hufumwa kwa kitanda cha chini ardhini, nayo hairudishwi kwa maji ya moto, hivyo si kazi moja na yetu. Lakini rangi zake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, zilimfanya Mama aseme siku moja, mbele ya duka la Souq Al-Zal kule Riyadh, “Hawa nao wanasuka ukili, ila ukili wao unatembea kwa miguu minne.”

MKOBA WA KWANZA

Tuligawana kazi. Mimi nilinunua uzi wa kahawia iliyokoza katika soko la Al-Balad. Mdogo wangu alinunua uzi mweupe Riyadh, akaupeleka kwangu kwa mkono wa msafiri, kwani baina ya miji hii miwili kwa barabara ni kama kilomita 950. Alinipigia simu akasema, “Dada, kabla hujaanza, fuma kipande kidogo cha kila rangi, ukifue, ukipime.” Nikamwambia nitafanya. Sikufanya. Niliona ni kupoteza uzi na wakati, na, niseme kweli, niliona si adabu mdogo kumfundisha mkubwa.

Nilifuma wiki tatu. Mkoba ukatoka mkubwa na legevu, kama inavyotakiwa. Mwezi wa Agosti 2018 nikautia katika mashine ya kufulia. Wale wanaoishi Jeddah wanajua hali ya maji mwezi huo: tangi liko juu ya paa, jua linalipiga kutwa, na mfereji wa baridi hutoa maji ya moto, hata watu huzima hita ili maji yaliyotulia ndani yake ndiyo yawe ya baridi. Maji ya moto nilikuwa nayo tele bila kuwasha kitu.

Nilipoutoa, nilikaa chini. Sehemu za kahawia zilikuwa zimerudi vizuri, zimekaza na kuwa nzito kama tarabushi. Nyeupe haikurudi hata kidogo. Vitanzi vyake vilibaki virefu vilevile, na kwa kuwa kahawia ilikuwa imevivuta, vilitutumka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Mkoba ulipinda upande. Haukuweza kusimama wala kufungwa.

Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia kwamba ameniletea uzi mbovu, na kwamba labda aliona mkoba wa Mama haustahili gharama. Naye akajibu kwamba uzi ni mzima, maji yangu ya Jeddah ndiyo yaliyoharibu, kwani mtu hafui sufu mwezi wa Agosti asipokuwa na maji ya baridi ya kuisuuzia. Akaniuliza kama nilifuma kile kipande cha kujaribia. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo palipo aibu yangu, ndugu zangu. Nilisema ndiyo, na haikuwa kweli. Kisha nikakata simu, na tangu siku ile hadi Desemba hatukusemezana ila kwa salamu za sikukuu zilizopitia kwa watoto.

USIKU MMOJA RIYADH

Desemba Mama alitaka kuwaaga wajukuu wake wa Riyadh, nami ndiye niliyempeleka. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, Mama alifungua mzigo wake akautoa ule mkoba uliopinda, ambao mimi nilidhani nimekwisha kuutupa, akauweka katikati ya mkeka. Hakutuuliza nani mkosa. Aliomba vitu vitatu: kipande cha uzi wa kahawia, kipande cha uzi mweupe, na bakuli la maji ya moto yenye sabuni.

Alichukua uzi wa kahawia, akauchambua kidogo, akauchovya, akausugua baina ya viganja vyake kwa muda kama wa kusoma Yasini. Alipofungua mkono, uzi ulikuwa umekuwa kijidonge kigumu kama punje ya choroko. Akafanya vivyo hivyo kwa mweupe. Ukatoka vile ulivyoingia, ukiwa umelowa tu. Akasema, “Ukili haususwi na haulaumiwi. Huloekwa, ukajaribiwa kwa kidole, ndipo ukasukwa. Ninyi uzi huu hamkuuuliza, mmegombana kwa jibu ambalo hamkulitaka.”

Mdogo wangu akainuka akaleta kibandiko cha uzi mweupe alichokuwa amekihifadhi. Palikuwa pameandikwa, kwa maandishi madogo, kwamba ni sufu tupu, nayo imetengenezwa ili iweze kufuliwa kwa mashine. Yeye alidhani maneno hayo ni sifa njema, na kwa sweta ya mtoto ni sifa njema kweli. Kwa mkoba wetu yalikuwa ndiyo msiba.

Naomba nieleze sababu, maana wasichana wetu waliosoma sayansi waliniuliza jana. Unywele wa sufu ukitazamwa kwa hadubini una magamba madogo madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Maji ya moto na sabuni huulainisha unywele na kuyafungua magamba yake. Msukosuko huzisogeza nywele, kila mmoja ukipenya baina ya wenzake. Na magamba huzizuia zisirudi nyuma. Ndiyo maana kitambaa hupungua, hukaza, na hakifumuki tena. Pamba haina magamba hayo, wala nyuzi za kiwandani kama akriliki. Na sufu iliyotengenezwa kwa kufuliwa na mashine, magamba yake yamelainishwa kwa klorini au yamefunikwa kwa utando mwembamba, ili yasishikane. Nyuzi nyeupe hasa zinahitaji kujaribiwa, kwani hata zisizoandikwa hivyo, zile zilizong’arishwa sana huweza kukataa. Kwa hiyo uzi wa mdogo wangu haukuwa mbovu, na maji yangu hayakuwa na kosa. Kipande kimoja cha upana wa kiganja kingetuambia yote hayo kwa siku moja.

Usiku ule sikusema kuhusu uongo wangu. Niliomba radhi kwa maneno ya jumla, tukakumbatiana, Mama akaomba chai. Leo naomba radhi kwa jina la kosa lenyewe: mdogo wangu, uliniuliza nami nikakudanganya. Mbele ya ukoo wote, nisamehe.

NAMNA TULIVYOUFUMA WA PILI

Tulikuwa na siku kumi na mbili tu. Asubuhi yake tulinunua uzi mweupe wa sufu isiyotengenezwa, rangi ya maziwa, na mara hii tulifuma vipande viwili, tukavifua, tukavipima kwa rula kabla ya kuanza. Nitaeleza hatua zenyewe, kwa kuwa kamati imeniomba zichapwe katika kijitabu hiki.

Tulitumia kiasi cha gramu 250 za uzi mnene wa kahawia na gramu 150 za mweupe. Sindano ya duara ya milimita 7, ambayo ni kubwa kuliko inayofaa uzi huo kwa sweta. Na sindano fupi ya kusaidia kwenye misuko. Ufumaji uwe legevu. Mgeni wa kazi hii hukaza mkono kwa kutaka kitambaa kizuri, na kitambaa kilichokazwa na mkono hakina nafasi ya kurudi.

Kwanza tulifuma kitako, pande la sentimita 30 kwa 10, kwa kahawia peke yake. Kisha tuliokota vitanzi 108 kukizunguka, tukaendelea kufuma kwa mviringo. Vitanzi hivyo viligawanywa katika mafungu kumi na mawili ya vitanzi tisa: vitatu vya kahawia vilivyofumwa kinyume, ili vilale chini kama mfereji, na sita vya msuko, vitatu vya kahawia na vitatu vyeupe, vilivyofumwa uso juu. Kila mstari wa nane, vitanzi vitatu vya kwanza vya msuko huwekwa nyuma kwa sindano fupi, vitatu vya pili vikatangulia kufumwa, kisha vile vya nyuma vikafuata. Rangi hupishana: safari hii nyeupe huwa juu, safari ijayo kahawia. Mama aliyekuwa akitutazama alisema ni msuko wa mikono miwili tu, mtoto wa miaka saba kwao angeweza.

Uzi usiotumika hupitishwa nyuma ya kitambaa, nao uachwe ulegee. Ukivutwa, mkoba hujikunja kabla hata haujaona maji. Mwisho wa siku nyuzi hizo za nyuma hushikana na kitambaa, na vidole havizinasi mtu anapotia mkono ndani.

Tulifuma kwa zamu, maana watoto walikuwa na mambo yao na sisi tulikuwa na jikoni. Mkono wa mdogo wangu hukaza, wangu hulegea. Mtu angeweza kuhesabu mistari akasema huu wa dada, huu wa mdogo. Jambo hilo lilinitia wasiwasi.

Ulipomalizika ulikuwa upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 46, unaning’inia kama gunia tupu. Tuliutia ndani ya foronya, tukaifunga mdomo ili manyoya yasizibe mashine, tukatia na suruali mbili kuukuu za jinzi za kuupigapiga. Maji yalikuwa ya nyuzi 60, sabuni kidogo. Kila baada ya dakika tano tuliisimamisha mashine tukautazama. Hapa pana hadhari kubwa. Mkoba usio na misuko mtu anaweza kuuacha urudi hadi vitanzi visionekane kabisa. Wenye misuko, ukipitiliza, misuko hufa na kubaki matuta yasiyo na umbo. Sisi tuliutoa wakati vitanzi vinaanza kupotea lakini misuko bado imesimama. Kisha tuliusuuza kwa maji ya mfereji wa Riyadh wa Desemba, ya baridi ya kuumiza vidole, tukaukamua ndani ya taulo bila kuusokota, tukaujaza magazeti, tukaunyoosha pembe kwa mikono, tukauacha ukauke siku tatu kivulini.

Ulitoka upana wa sentimita 31 na kimo cha sentimita 31. Mtaona kwamba kimo kilipungua zaidi ya upana. Ndivyo kitambaa cha kufumwa kinavyofanya, na anayetaka mkoba mrefu aufume mrefu kupita anavyodhani. Nami nilitafuta mistari yangu na mistari ya mdogo wangu. Sikuiona. Yeye naye alitafuta, hakuiona.

MKASI WA MAMA

Ukanda wa begani tuliufuma na kuurudisha pamoja na mkoba, lakini tuliufanya mrefu kupita kiasi. Tukaanza kujadiliana namna ya kuufumua. Mama alichukua mkasi wa jikoni akaukata papo hapo. Mimi nilipiga kelele, kwani kitambaa cha kufumwa kikikatwa kitanzi kimoja, vyote hukimbia. Hakuna kilichokimbia. Ukingo wa kipande kile ulikaa safi kana kwamba umekunjwa. Mama akaniambia, “Kilichorudi hakifumuki. Unaogopa nini?”

Kiswahili chetu kimetumia neno moja kwa mambo mawili. Nguo ikifuliwa ikapungua, tunasema imerudi. Na mtu akiondoka ugenini akaenda kwao, tunasema vilevile. Zamani nilidhani ni bahati tu ya lugha.

Mama aliondoka Machi 2019, amevaa buibui lake, mkoba begani, na ndani yake karatasi zote. Tulikuwa tumeutia bitana ya pamba na kushonea utepe imara chini ya ukanda, kwa kuwa sufu iliyorudi ikibebeshwa mzigo hunyooka. Kule Pemba aliutia punje za karafuu, kama alivyozoea kufanya katika masanduku ya nguo, naye aliukausha juani kila baada ya mvua za masika. Alifariki mwaka 2022, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkoba uliletwa kwetu na ndugu aliyekuja kwa Umra. Ndani tulikuta karafuu, pasi zake tatu zilizokwisha muda, na kile kipande cha ukanda alichokikata. Hadi leo hakijafumuka, nanyi mnaweza kupita mezani mkakishika.

MAPENDEKEZO

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuwa mkutano huu si wa hadithi tu, naomba kutoa mapendekezo mawili.

La kwanza, kila mzee wa ukoo huu anayeondoka Saudia kwa khuruji nihai afumiwe mkoba wa karatasi zake na akina mama wa miji yote miwili. Uzi ununuliwe Jeddah na Riyadh, ujaribiwe kwanza, na ufumaji uanze Jeddah. Ufuaji ufanyike Riyadh wakati wa baridi, penye maji ya moto na ya baridi pia. Wala asifume mmoja peke yake. Mikono iwe mingi kadiri inavyowezekana, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

La pili, wako katika ukoo huu wazee watatu wanaojua kusuka ukili tangu mwanzo hadi mwisho, na wote watatu wamepita miaka sabini. Mimi nilikaa na mwalimu wa ukili nyumba moja kwa miaka zaidi ya arubaini, sikumwomba anifundishe hata mara moja, nikijiambia yupo. Wasichana wanaokwenda Pemba na Unguja wakati wa likizo wapangiwe siku za kukaa nao. Waanze na kuloweka na kujaribu kwa kidole, kama Mama alivyosema.

Nimesema mengi, nanyi mna njaa. Mdogo wangu ameketi pale safu ya pili, amenitikisia kichwa tangu nilipofika kwenye habari ya simu, nami sijui kama ni kwa msamaha au kwa kunionya nimalize. Kwa vyovyote vile, namaliza.